Zege halilali, na mtihani nao haungoji



Katika miji yetu wapo vijana ambao mchana utawaona wamevaa kofia ngumu na viatu vilivyokaukiwa saruji, na jioni ukipanda nao daladala unawakuta wameshika daftari. Wengine ni saidia fundi, wengine wasimamizi wadogo wenye stashahada, nao wanatafuta shahada. Wengi wanajilipia ada wenyewe. Wachache, na hao ndio ninaotaka tuwazungumzie juma hili, wanalipiwa na mwajiri. Kampuni ya ujenzi imewaambia: sisi tutalipa ada, ninyi endeleeni na kazi.

Ukisikia hivyo unasema kijana huyo ana bahati, na kweli anayo. Lakini hebu tuifungue bahati hiyo tuone ndani mna nini.

Wenzetu wa Uingereza wameliwekea jambo hili utaratibu. Tangu mwaka 1964 wanayo bodi ya mafunzo ya ujenzi, na makampuni ya ujenzi ndiyo yanayoichangia. Mwaka 2015 wakaanzisha uanagenzi wa shahada. Mtu anaajiriwa, analipwa mshahara, na papo hapo anasomea uhandisi au ukadiriaji majenzi bila yeye kutoa ada. Tangu Aprili 2017, mwajiri ambaye jumla ya mishahara yake inapita pauni milioni 3 kwa mwaka hutozwa nusu ya asilimia moja ya kile kinachozidi hapo, na fedha hizo hulipia masomo ya namna hiyo. Mwanagenzi huenda chuoni kama siku moja katika juma. Shahada ambayo mwanafunzi wa kutwa huimaliza kwa miaka 3, yeye huchukua kama miaka 5. Lakini siku ile ya chuo inahesabiwa kuwa siku ya kazi na mshahara wake unalipwa. Hawakumwambia akasome Jumapili.

Wajerumani nao, kule Stuttgart na Mannheim, walianza vyuo vya aina hii mwaka 1974, mwanafunzi akibadilishana kama miezi mitatu ya darasa na miezi mitatu ya kazi.

Hapa petu mambo ni mengine. Mkandarasi wetu anaishi kwa zabuni. Leo amepata jengo la ghorofa nne, baada ya miezi 18 amekabidhi funguo, na zabuni nyingine bado hajaipata. Shahada ya uhandisi ni miaka 4, tena kwa yule asiyefanya kazi nyingine. Mkandarasi anapoahidi ada ya miaka yote hiyo, anaahidi kitu ambacho hata yeye hana hakika nacho. Simlaumu. Lakini kijana anayebaki mwaka wa tatu bila ada, na bila kibarua, atamwambia nini mama yake aliyekwisha kutangaza kijijini kwamba mwanawe ni injinia? Au kazi ikihamia Mpanda na chuo kikabaki Dar es Salaam, yeye akae wapi?

Kisha kuna suala la saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma. Mafundi nao wana sheria yao, wanasema zege halilali. Ukianza kumwaga slabu saa 2 asubuhi, huwezi kuiacha nusu kwa sababu saa 11 jioni kuna kipindi cha hesabu. Mashine ikiharibika mchana, mtamaliza saa 4 usiku kwa taa za gari. Kijana anafika kwake hajui hata kama amekula. Kesho yake mwalimu anauliza kwa nini hakuleta zoezi, na fomeni anauliza kwa nini anasinzia juu ya jukwaa. Kusinzia darasani ni aibu tu. Kusinzia ghorofa ya tatu ni jambo jingine.

Sasa nifike kwenye linaloniumiza zaidi.

Kijana huyu chuoni amefundishwa kwamba nguvu ya zege inategemea uwiano wa maji na saruji. Maji yakizidi, zege linamwagika kwa urahisi, lakini likikauka linakuwa dhaifu. Amefundishwa pia kwamba yale matofali madogo ya majaribio huvunjwa siku ya 7 na siku ya 28 ili kupima nguvu hiyo. Jumatatu anarudi kazini, na fomeni anamwambia, ongeza maji bwana, zege halitelezi, watu wamechoka. Na akizubaa ataambiwa atengeneze yale matofali ya majaribio kutoka kwenye mchanganyiko mwingine, wenye saruji ya kutosha, ili cheti cha maabara kije kizuri. Hila hiyo ipo, na walio katika ujenzi wanaijua.

Je, aseme? Ni yeye peke yake pale aliyesomea kwa nini ni kosa. Lakini anayeamuru ni mtu wa yule anayelipa ada. Akisema, muhula ujao huenda asirudi chuoni. Akinyamaza, jengo linapanda.

Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Sisemi kwamba chanzo chake kilikuwa maji katika zege. Nasema tu kwamba nchi iliyoona msiba ule inamhitaji mno mtu wa ngazi ya chini anayeelewa na asiyeogopa kusema.

Ndiyo maana mimi siupendi ufadhili unaotoka moja kwa moja mfukoni mwa bosi. Waajiri wetu tayari hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, kwa kadiri ya mishahara wanayolipa. Sehemu ya tozo inayotoka kwenye ujenzi ingewekewa mfuko wa wanafunzi walioko kazini, mkandarasi akamaliza zabuni, kijana angehamia kwa mwingine na ada yake ikamfuata. Na akikataa kuongeza maji, hakuna wa kumfungia shule.

Wakandarasi watasema: tukishasomesha, wengine wanatunyang'anya. Hoja hiyo ina uzito. Mkataba wa kumtumikia mfadhili baada ya kuhitimu ni haki, ili mradi miaka ya kutumikia isizidi ile iliyolipiwa. Nanyi vijana, usomeni mkataba kabla ya kutia sahihi. Kampuni ikifungwa, deni ni la nani? Ukirudia somo moja, nani analipa? Na mwajiri anayetaka abaki na vyeti vyako halisi kama rehani, huyo mkimbie.

Faida ya njia hii naijua. Wahandisi wahitimu wa kawaida huwekwa chini ya uangalizi kwa miaka 3, kwa mpango ambao Bodi ya Usajili wa Wahandisi iliuanzisha mwaka 2003, wakajifunze kusoma michoro juani, kuhesabu nondo kabla hazijafunikwa, na kusemezana na fundi mwenye umri wa baba yao. Kijana wetu hayo anayo tangu mwaka wa kwanza. Kinachomshinda ni usingizi na nauli.

Kwa hiyo ewe mkandarasi mwenye kijana wa namna hii, mwulize leo ratiba yake ya mitihani, kabla hujapanga siku ya kumwaga slabu.