Kutazama Njia Kabla ya Safari ya Vijana

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Garissa)



Halmashauri imenitaka niseme machache juu ya matembezi ya vijana wetu, wavulana kwa wasichana, ambayo Chama kimekubali kuyagharimia. Shauri lililoletwa ni kwamba waende kwa miguu toka mjini hata hifadhi ya twiga ya Bour-Algi, kisha warudi kwa kufuata ukingo wa mto Tana. Nia ni njema, wala sina neno juu yake. Neno langu ni juu ya njia, na juu ya tarehe.

Wazee walio mbele yangu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mfugaji wa Kisomali hahamishi nyumba yake wala ngamia wake kwa kusikia tu kwamba mvua imenyesha mahali fulani. Kwanza hutuma watu wa sahan wakaone kwa macho yao: malisho yapo? Maji yapo? Ni nani aliyetangulia pale, naye ataridhia wageni? Wakirudi na habari mbaya, aila haihami, ama huelekea upande mwingine, na hakuna amwitaye mzee huyo mwoga. Skauti naye, kwa asili ya jina lake, ni mtu wa kutangulia na kuleta habari. Basi itakuwa ajabu tukiwahifadhi ngamia kwa hadhari hiyo, na watoto tukawapeleka kwa kutegemea karatasi iliyoandikwa mezani.

Nianze na tarehe. Imependekezwa Aprili, kwa kuwa shule zimefungwa na nchi huanza kuwa kijani baada ya Jilaal. Lakini Aprili ndiyo Gu. Tena hatari ya mto haitoki katika mbingu ya Garissa. Tana hupata maji yake katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, mbali sana nasi. Mvua kubwa ikinyesha huko, na mabwawa toka Masinga hata Kiambere yakijaa na kumwaga, maji hutufikia baada ya siku kadhaa, na huenda wakati huo huku kwetu jua linawaka na vumbi linaruka. Kwa hiyo aliyeitazama njia ya mtoni Jumatatu hawezi kuitolea ushahidi Jumamosi.

Hatujasahau mwaka 2024. Tarehe 28 Aprili mashua iliyokuwa ikivusha watu pale Kona Punda, ambapo mafuriko yalikuwa yameikata barabara baina ya Madogo na Garissa, ilipinduka, na watu wakapoteza maisha. Ile ni barabara kuu ya lami. Sembuse kijia cha ukingoni! Mwaka uo huo Serikali iliahirisha kufungua shule za nchi nzima, zilizokuwa zifunguliwe mwishoni mwa Aprili, hata katikati ya Mei. Ikiwa Serikali yaweza kubadili tarehe ya mamilioni ya watoto, Chama chetu kina aibu gani kubadili tarehe ya kikundi kimoja?

Likizo ya mwisho wa mwaka nayo huangukia mvua za Deyr, na mafuriko ya Novemba 2023 bado yamo vichwani mwetu. Inabaki Agosti. Najua wako watakaosema kwamba Agosti ni vumbi tupu na hakuna cha kutazama. Lakini twiga hula majani ya migunga, hawangoji nyasi.

Sasa juu ya njia yenyewe. Mtu aliyekaa miaka mingi bila kupita ukingoni hataitambua. Mathenge, mti ule ulioletwa katika bonde la Tana miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, umefunga vijia vingi, na mwiba wake hupenya kiatu. Mahali pengine mashamba ya umwagiliaji yamefika hata ukingo wa maji, na malka zilizokuwa njia za mifugo kwenda kunywa zimekuwa nyembamba au zimezibwa. Haya ni magomvi ya watu wazima, nasi tunayajua. Haifai watoto wajikute katikati yake kwa sababu wamekanyaga mihindi ya mtu. Na pasipo shamba, ardhi kwa kawaida ni ya jamii, kama Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inavyosema. Ardhi ya jamii si ardhi isiyo na mwenyewe. Wazee wa Bour-Algi waombwe ruhusa kwa heshima, uso kwa uso. Chifu na polisi pia waarifiwe mapema, kwa sababu ambazo mji huu, tangu Aprili 2015, hauhitaji kuelezwa.

Nashauri watumwe watu wawili, mmoja mtu mzima na mmoja kijana wa miguu mepesi. Watembee njia yote kwa saa zile zile watakazotembea watoto, yaani waondoke baada ya sala ya alfajiri, maana njia iliyo nyepesi saa moja asubuhi si ile ile saa sita mchana. Watazame vivuli vya kupumzikia, mahali pa maji safi, na mahali ambapo mamba na viboko huonekana; wenye mashamba watawaambia. Waende juma moja kabla, kisha warudi mtoni siku iliyotangulia safari.

Wakikuta maji yamepanda, sehemu ya ukingoni iachwe, na watoto warudi kwa njia waliyoijia au kwa gari. Gari hilo likodiwe tangu mwanzo kwa sharti kwamba siku yaweza kubadilika, tusije tukasukumwa na fedha iliyokwisha lipwa. Na awepo mtu mmoja, aliyetajwa mapema, mwenye amri ya kusema hatuendi. Si vema jambo hilo lipigiwe kura njiani, watoto wamekwisha vaa mabegi yao.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba Mkutano uamue leo juu ya Agosti, na Halmashauri iwateue hao wawili kabla ya kikao kijacho, ili wazazi, hasa mama zao, waambiwe ni nani aliyeiona njia.