Jukwaa Ndani ya Gereza



Mwaka wa 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, Limuru, walijenga jukwaa kwa mikono yao wenyewe, wakaigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia iliyotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Baada ya majuma machache leseni ya maonyesho ikafutwa. Tarehe 31 Desemba mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini Kamiti karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Mwaka wa 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa.

Tumeanza na habari hiyo kwa sababu ombi letu la leo laweza kuonekana la ajabu. Wakati ule dola iliupeleka mchezo wa kuigiza gerezani kwa pingu. Sisi twaomba uingie humo tena, safari hii kwa haki. Wala hatuombi hivyo ili wafungwa wapate burudani ya Jumapili. Twaomba hivyo ili mnyonge apate mahali pa kuizoeza sauti yake kabla hajasimamishwa kizimbani.

Sisi mawakili twajua yanayotukia kizimbani. Mtu asiye na wakili huletwa asubuhi kutoka korokoroni, hajalala, hajaoga. Husomewa shtaka kwa haraka, kisha huulizwa: ni kweli au si kweli? Hujibu, "Ni kweli, lakini..." Mara nyingi ile "lakini" haisikiwi na mtu. Hali sheria i wazi, tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, mwaka wa 1973: maelezo ya mshtakiwa yakitia shaka juu ya kosa, hakimu yampasa aandike kwamba shtaka limekanwa. Basi uhuru wa mtu waweza kutegemea neno moja, na ujasiri wa kulimalizia.

Katiba ya mwaka wa 2010 imempa mtu huyo mengi. Kifungu cha 49 chataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na apewe dhamana yenye masharti ya haki isipokuwa pana sababu nzito za kumnyima. Kifungu cha 50 champa mkalimani bila malipo. Lakini haki iliyoandikwa haijisemi yenyewe; sharti mwenyewe aitamke, tena mbele ya watu wanaomtisha.

Hapo ndipo mchezo wa kuigiza unapoingia. Augusto Boal wa Brazili, aliyekamatwa na kuteswa na serikali ya kijeshi mwaka wa 1971, alibuni namna ya kuigiza ambayo mtazamaji hakai kimya. Kisa kifupi huonyeshwa, na mnyonge hushindwa. Kisha huanzwa upya, safari hii mtazamaji yeyote aweza kusema "Simama!", akaingia mahali pa mnyonge, akajaribu neno jingine au tendo jingine. Wenzake hupima kama lingefaa. Boal alipokuwa diwani wa Rio de Janeiro, mwaka wa 1993 hadi 1996, alitumia michezo ya namna hiyo kutafuta kwa wananchi maoni ya kutungia sheria.

Fikirini, ndugu zetu, jambo hilo likifanywa rumande. Mahabusu mmoja awe hakimu, mwingine kiongozi wa mashtaka, mwingine mshtakiwa anayeomba dhamana. Wa kwanza anyamaze, anyimwe. Wa pili aeleze anakokaa, kazi yake, na ndugu anayeweza kumdhamini. Wa tatu aombe mkalimani. Watakaporudi mahakamani, watakuwa wamekwisha kusimama pale mara kumi.

Na anayeigiza hakimu hujifunza pia. Katika Kisiwa cha Robben wafungwa waliigiza Antigone, na Nelson Mandela akawa Kreoni, mtawala anayeshikilia amri yake hata haki ikapotea. Mfungwa aliyevaa nafsi ya mtawala huanza kuuliza mamlaka hutoka wapi na mpaka wake ni upi. Nanyi watu wa kanisa mwalikumbuka jambo la Nathani: hakumshtaki Daudi kwa maneno makali, alimsimulia kisa cha mwana-kondoo wa maskini, naye mfalme akatoa hukumu juu yake mwenyewe bila kujua. Aliyemdhulumu mwenzake naye aweza kulitazama kosa lake jukwaani kabla hajaweza kulitaja.

Lakini twawaonya. Msimwache mahabusu aigize kesi yake mwenyewe: askari jela wanasikia, na maneno yake yaweza kurudi mahakamani kama ushahidi. Kisa na kiwe cha kubuni. Asilazimishwe mtu. Zisipigwe picha za kupamba taarifa za wafadhili. Na mchezo usiwe wa kuwasifu wageni wa heshima, kwa maana huo utakuwa kifungo kingine.

Hatusemi kwamba njia ni nyepesi. Aprili 2025 wasichana wa Shule ya Upili ya Butere walifika Nakuru na tamthilia ya Echoes of War, ambayo Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru irudishwe katika tamasha. Mwandishi wake alikamatwa, polisi wakatupa mabomu ya machozi, nao wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza. Wenye nguvu wangali wanaogopa jukwaa. Lakini kifungu cha 33 chalinda uhuru wa sanaa, na cha 51 chasema aliyefungwa hubaki na haki zake zote, ila zile zisizopatana kabisa na kufungwa kwake.

Basi kila kanisa linalozuru gereza na lipeleke, pamoja na sabuni na sala, watu wawili waliojifunza kuongoza michezo hii, na wakili mmoja wa kuangalia sheria. Wahenga walisema mnyonge hana haki. Sisi twasema anayo. Kilichobaki ni kumsaidia aimalizie ile "lakini" yake.