BEI YA CHAI: TUJUE LA KUULIZA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Kericho na Bomet)



Kila tukikaa mezani na waajiri kuzungumza habari za mishahara, twaambiwa, "Bei imeanguka." Sisi hunyamaza, maana bei hiyo hatujaiona kwa macho. Leo nataka tuzijue alama zake.

Wenzetu wa migodi ya shaba, kule Zambia na Katanga, wana nafuu kidogo. Shaba ina soko lake London. Bei hutangazwa kila siku ya kazi, na hesabu ya shaba iliyolala katika maghala ya soko hutangazwa pia. Ikilundikana, bei hulegea. Chai haina bei moja. Kila fungu huonjwa na kupewa bei yake katika mnada wa Mombasa, juma kwa juma. Basi mtu akisema bei imeanguka, mwulize: ya daraja gani, na ya kiwanda gani? Tena mwulize ni mafungu mangapi yaliyorudi bila kununuliwa. Mwaka 2021 Serikali iliweka kima cha chini cha dola 2.43 kwa kilo ya chai ya wakulima wadogo. Wanunuzi wakaiacha nyingi, ikalala ghalani, na baadaye kima hicho kiliondolewa.

Sasa mvua. Hapa kwetu kiangazi cha Januari hata Machi hupunguza majani, na chai ikipungua mnadani bei hupanda. Mwaka 2009 ukame ulipunguza mavuno ya Kenya, lakini fedha za chai iliyouzwa ng'ambo zilizidi za mwaka uliotangulia. Lakini mchumaji hulipwa kwa kilo! Kikapu kilikuwa chepesi mwezi ule ule bei ilipokuwa nzuri. Jambo hili halisemwi mezani, nasi hatulisemi.

Tena yuko mnunuzi. Pakistani ndiyo inunuayo chai yetu kuliko nchi zote. Mwaka 2022 ilipungukiwa na dola, hata waziri wao mmoja akawaomba wananchi wapunguze kikombe kimoja au viwili vya chai kwa siku. Mtu wa Bomet angeweza kucheka, lakini vikombe hivyo ni majani yetu.

Nataka nikae zaidi juu ya dola, maana hapa ndipo tunapopotea. Tangu mwaka 1992 chai huuzwa mnadani kwa dola, nasi twalipwa kwa shilingi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa karibu 129. Chukueni kilo moja iliyouzwa dola 2.20. Kwa hesabu ya kwanza ni shilingi 352, kwa ya pili ni shilingi 284 hivi. Chai ile ile, bei ile ile ya mnada, tofauti shilingi 68! Basi "bei imeanguka" yaweza kuwa kweli kwa dola na uongo kwa shilingi, au kinyume chake. Nasema kwa haki: shilingi yetu ikipata nguvu, mwajiri naye huumia kweli. Lakini dola ilipopanda, nani alikuja kutuambia?

Tena iko chai isiyopita mnadani kabisa, huuzwa moja kwa moja kwa mnunuzi wa ng'ambo. Bei ya Mombasa haitoshi kuipima hiyo. Lazima tuombe kuonyeshwa hesabu yake.

Kwa hiyo nawaomba wajumbe wa kila shamba wanunue daftari. Kila mwisho wa mwezi andikeni kilo zilizo katika karatasi zenu za mizani, na bei ya dola ya siku hiyo kama ilivyo gazetini. Mleteni daftari hizo kwa katibu wa tawi kabla ya mazungumzo ya mishahara, si baada yake.