Nafuu ya Mshahara Imenunua Nini? Namna ya Kupima Mabadilishano ya Wachezaji NBA

Mada kwa semina ya waandishi na watangazaji wa habari za michezo



Wengi wetu tumelelewa na soka. Huko klabu inamuuza mchezaji, inapokea fedha ya uhamisho, na sisi tunaandika bei. Kwenye ligi ya kikapu ya Marekani, NBA, hakuna ada ya uhamisho. Klabu mbili hubadilishana mikataba, na mkataba unahama pamoja na mwenye nao, mshahara wake na miaka iliyobaki. Ndiyo maana habari zetu za mabadilishano ya NBA mara nyingi zinakuwa nusu habari. Tunataja nani kaenda na nani kaja, tunamtangaza aliyeibiwa, basi. Mkataba wenyewe hatuugusi.

Hoja ninayoileta ni moja. Klabu inapomtoa mchezaji mzuri ili ipate nafuu ya mshahara, majina ya siku hiyo hayatoshi kutoa hukumu. Nafuu ni nafasi tu, na ghala tupu halimshibishi mtu. Swali la mwandishi ni nafuu hiyo ilikwenda kununua nini.

Mistari ya fedha

NBA ilianza kutumia ukomo wa mishahara msimu wa 1984-85, ukiwa dola milioni 3.6 kwa timu. Msimu wa 2025-26 ukomo huo ni dola milioni 154.6. Lakini ni ukomo laini: timu inaruhusiwa kuuvuka ili kumbakiza mchezaji wake, kanuni iliyobeba jina la Larry Bird wa Boston. Juu yake upo mstari wa kodi ya anasa, dola milioni 187.9. Anayeuvuka hulipa kodi inayopanda kadiri anavyozidi, na anayeurudia mwaka hadi mwaka hukamuliwa zaidi. Juu zaidi kuna mistari miwili ya adhabu, dola milioni 195.9 na 207.8. Timu iliyovuka mstari wa kwanza haiwezi kupokea mishahara mikubwa kuliko ile inayotoa. Iliyovuka wa pili haiwezi kuunganisha mikataba miwili midogo ili ipate mmoja mkubwa, haiwezi kuongeza fedha taslimu kwenye mabadilishano, na nafasi yake ya raundi ya kwanza ya kuchagua chipukizi miaka 7 mbele inafungiwa.

Sasa angalia matokeo yake. Timu iliyokwisha kuvuka ukomo haina fedha ya kumsajili nyota aliye huru. Njia inayobaki ni kubadilishana, na mishahara ya pande mbili sharti ikaribiane. Mkataba wenyewe unageuka kuwa sarafu. Mchezaji wa kawaida mwenye dola milioni 9 ambaye mkataba wake unamalizika Juni anaweza kuwa na thamani sokoni kuliko mchezaji mzuri mwenye miaka minne mbele, kwa sababu Juni ile mshahara wake unafutika kwenye vitabu.

Memphis, 2008 hadi 2011

Mfano ninaoupenda ni Memphis, na nitakaa nao. Februari 2008 Memphis Grizzlies walimtoa Pau Gasol, Mhispania aliyekuwa nyota wao, kwenda Los Angeles Lakers. Walipokea Kwame Brown, ambaye mkataba wake wa dola milioni 9 na ushei ulikuwa unamalizika, kijana Javaris Crittenton, mkongwe Aaron McKie, nafasi mbili za raundi ya kwanza, na haki za kumsajili mdogo wake Pau, Marc Gasol, aliyechaguliwa wa 48 mwaka 2007 na wakati huo akicheza kwao Hispania. Ligi nzima ilicheka. Kocha wa San Antonio, Gregg Popovich, alilalamika hadharani. Lakers walifika fainali mwaka ule ule, kisha wakatwaa ubingwa 2009 na 2010. Kwa hesabu ya majina, kesi ilikuwa imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Julai 2009 Los Angeles Clippers, waliokuwa wametoka kumchagua Blake Griffin wa kwanza kabisa, walitaka kujivua mkataba wa Zach Randolph: misimu miwili, zaidi ya dola milioni 30. Sifa za Randolph hazikuwa nzuri na wengi walimkwepa. Memphis wakampokea kwa kumtoa Quentin Richardson, aliyebakiza msimu mmoja tu. Clippers walinunua nafuu. Memphis walikuwa wameshajivua mzigo wa Pau, kwa hiyo walikuwa na bega la kuupokea huu. Msimu wa kwanza Randolph aliwapa wastani wa pointi 20.8 na ribaundi 11.7 kwa mchezo, akaitwa kwenye kikosi cha All-Star. Marc naye alikua hadi akawa mlinzi bora wa ligi mwaka 2013. Leo jezi za wote wawili, namba 50 na 33, zimestaafishwa Memphis.

Mwaka 2009 huo huo, nyuma ya Griffin, Memphis walikuwa na nafasi ya pili. Walimchagua kijana wetu, Hasheem Thabeet, aliyesoma Makongo Dar es Salaam na kuchezea Chuo Kikuu cha Connecticut, mwenye urefu wa mita 2.21. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Wa tatu alichaguliwa James Harden, wa saba Stephen Curry. Majina hayo yametumika kumsuta Thabeet kwa miaka mingi, na mimi nakataa lawama hiyo. Senta aliyetangulia mbele yake alikuwa Marc Gasol, na pembeni ya Marc alisimama Randolph. Dakika za kijana wa kujifunzia zilikuwa zimekwishagawiwa kabla hajapewa jezi. Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards, timu ya ligi ya chini.

Februari 24, 2011 zamu yake ikafika. Memphis walimpeleka Houston pamoja na DeMarre Carroll na nafasi ya raundi ya kwanza ya baadaye, wakampokea Shane Battier na Ishmael Smith. Mshahara wa Thabeet ulikaribia dola milioni 5 kwa msimu, na mkataba wa Battier ulikuwa unamalizika. Hapa Tanzania habari iliishia kwamba Thabeet kahamishwa. Kule Memphis, Aprili 17, 2011, mchezo wa kwanza wa mtoano dhidi ya San Antonio iliyokuwa imeshinda michezo 61, zikiwa zimebaki sekunde 24 hivi, Battier alipiga mtupo wa pointi tatu ulioipa timu uongozi. Memphis ikashinda 101 kwa 98. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza wa mtoano tangu klabu ianzishwe, baada ya kupoteza yote 12 iliyotangulia. Wakaitoa San Antonio kwa michezo 4 kwa 2.

Ukiniuliza mabadilishano ya Pau Gasol yalikuwa ya namna gani, nitasema yalikuwa mazuri kwa pande zote mbili, na kwamba hukumu hiyo haikuwezekana kutolewa kabla ya 2011.

Mtu akigeuka tarakimu

Safari ya Thabeet iliyobaki inafundisha upande mwingine wa biashara hii. Machi 15, 2012 Houston walimtuma Portland pamoja na Jonny Flynn na nafasi ya raundi ya pili, wakamchukua Marcus Camby. Siku hiyo Portland walikuwa wanabomoa nyumba nzima: walimfukuza kocha Nate McMillan, walimwacha Greg Oden, na walimtoa Gerald Wallace kwenda New Jersey wakapata nafasi ambayo miezi mitatu baadaye iliwapa Damian Lillard. Thabeet na Flynn walitakiwa kwa sababu mikataba yao ilikuwa inaisha. Agosti 2014 Oklahoma City, alikokuwa wakati huo, wakampeleka Philadelphia pamoja na fedha taslimu, ili waondoe dola milioni 1.25 kwenye vitabu vyao. Philadelphia walimwacha baada ya siku chache, bila hata kumvalisha jezi kwenye mchezo mmoja.

Hakuna aliyevunja sheria. Lakini huyu ni kijana aliyetoka kwetu, na jina lake lilitumika kusawazisha hesabu za watu. Mwandishi wa Kiswahili akikutana na habari ya namna hii asiandike kwamba mchezaji ametupwa kwa kuwa hafai. Aeleze kilichotokea: mkataba wake ulikuwa na ukubwa uliotakiwa, kwa tarehe iliyotakiwa.

Chicago, ambako nafuu haikununua kitu

Januari 2014 Chicago Bulls walimtoa Luol Deng, mzaliwa wa Wau, Sudan Kusini, All-Star wa 2012 na 2013, aliyewatumikia tangu 2004. Cleveland waliwapa Andrew Bynum na nafasi kadhaa za kuchagua chipukizi. Mkataba wa Bynum ulikuwa na dola zaidi ya milioni 12, lakini nusu yake ingethibitishwa Januari 7. Chicago walimwacha siku hiyo hiyo. Kwa makadirio ya wakati ule, mshahara na kodi kwa pamoja viliwaokolea zaidi ya dola milioni 20.

Hapa ndipo mkataba unapopaswa kusomwa. Mkataba wa Deng ulikuwa unaisha kiangazi kile kile. Nafasi ile kwenye ukomo ingekuja yenyewe miezi sita baadaye, bila kumtoa mtu. Kilichonunuliwa Januari kilikuwa fedha ya mmiliki, pamoja na zile nafasi za chipukizi. Kubwa kati ya hizo ilitoka Sacramento, ikiwa na masharti ya ulinzi, na masharti hayo yaliishusha hadi ikawa ya 38 mwaka 2017. Chicago wakaiuza kwa Golden State kwa dola milioni 3.5. Golden State wakamchagua Jordan Bell, na mwaka 2018 Bell akavaa pete ya ubingwa. Cleveland nao hawakufika mtoano, na Deng akaondoka kwenda Miami. Sina neno jingine la kuyaita mabadilishano haya ila mabaya, na mashabiki wa Chicago waliolipa kiingilio msimu ule walistahili kuambiwa hivyo na magazeti yao.

Oklahoma City mara mbili

Oktoba 27, 2012, miezi minne baada ya kucheza fainali na Miami, Oklahoma City Thunder walimpeleka James Harden Houston. Waliogopa kodi ya anasa, iliyokuwa karibu kuwa kali zaidi, na hawakuwa tayari kumlipa kiwango cha juu kabisa. Wakampokea Kevin Martin, Jeremy Lamb, nafasi mbili za raundi ya kwanza na moja ya pili. Houston wakampa Harden karibu dola milioni 80 kwa miaka 5, naye akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2018. Harden alikuwa bado na msimu mzima kwenye mkataba wake wa bei nafuu. Oklahoma wangeweza kuucheza msimu ule naye, wakautafuta ubingwa, kisha wakaamua. Walikimbia deni ambalo lilikuwa halijafika. Nafasi moja iliwapa Steven Adams, mchezaji wa maana, lakini timu ile na Kevin Durant haikurudi fainali tena.

Meneja mkuu alikuwa Sam Presti, na kinachonivutia ni alivyohama upande wa meza. Mwaka 2019 alimtoa Paul George kwenda Clippers akapata Shai Gilgeous-Alexander na rundo la nafasi, moja ikawa Jalen Williams. Tangu hapo akawa anawauzia wengine nafuu. Juni 2021 Boston walitaka kujivua mkataba wa Kemba Walker. Presti alimchukua pamoja na nafasi ya 16, akawapa Al Horford, kisha ile nafasi ya 16 akawapa Houston kwa nafasi mbili nyingine za raundi ya kwanza. Mwaka 2025 Oklahoma City ilikuwa bingwa.

Boston

Mfano wa mwisho bado unaendelea. Boston Celtics walikuwa mabingwa 2024. Mei 2025 Jayson Tatum alikatika kano ya kisigino, na hesabu za msimu uliofuata zilionyesha mishahara na kodi vikivuka dola milioni 500. Kiangazi hicho walimtoa Jrue Holiday, mwenye zaidi ya dola milioni 100 kwa misimu mitatu, kwenda Portland, wakampokea Anfernee Simons mwenye dola milioni 27.7 na msimu mmoja tu. Kristaps Porziņģis akaenda Atlanta. Vichwa vya habari vilisema bingwa amevunjwa. Mimi naona tofauti kubwa na Chicago: hapa nyota mkuu alikuwa majeruhi, mstari wa pili ulikuwa unawafungia milango, na mkataba waliojivua ulikuwa mrefu, wa mchezaji aliyefikisha miaka 35. Nafuu hii ina sababu. Matumizi yake ndiyo ya kufuatilia.

Ombi langu kwenu, ndugu washiriki, ni la kazi ya kila siku. Habari ya mabadilishano ikifika mezani, andikeni miaka iliyobaki kwenye kila mkataba pembeni ya kila jina, na mtaje kama timu iko juu ya mstari wa kodi au chini. Neno “wameibiwa” liwekeni kando kwanza. Kisha wekeni tarehe kwenye daftari, mwaka mmoja mbele, mrudi kwa msomaji kumweleza nafuu ile ilinunua nani.