Mota Iliyovunjika Fito

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mota ya umeme, ile iendeshayo mashine za kusaga mahindi katika vijiji vyetu vya Usambara, na mashine za viwanda vya chai pia.

Mtu aitazamapo kwa nje haoni ila gamba la chuma na mhimili uzungukao. Ndani yake mna rota, nayo yafanana na kizimba: fito za aluminiamu au za shaba zimepangwa kwa duara, na ncha zake zimefungwa kwa pete mbili. Mhandisi Dolivo-Dobrovolsky, Mrusi aliyefanya kazi Ujerumani, aliunda rota ya namna hiyo mwaka 1889. Hakuna waya uingiao katika kizimba hicho. Nyaya zilizosukwa katika sehemu isiyozunguka hufanya sumaku izungukayo. Sumaku hiyo huamsha mkondo katika fito, nazo fito huifuata. Lakini haziifikii kamwe. Sumaku ikizunguka mara 1500 kwa dakika, rota yenye mzigo huzunguka kama mara 1440, na katika kuachwa nyuma huko ndimo itokamo nguvu yake.

Je, ufito mmoja ukivunjika? Mkondo wake huhamia katika fito za jirani, nazo hupata moto kupita kiasi, zikaja kuvunjika kwa zamu. Mashine ikiwa tupu huzunguka vizuri, hata mwenye mali akadhani ni nzima. Itie debe la mahindi, nayo huanza kunguruma kwa mawimbi, mara nne hivi kila sekunde, na mshale wa mita ya umeme hutikisika pamoja nayo. Huchelewa kuondoka, mwendo hupungua, na gamba huwa la moto.

Hapo ndipo fedha za watu hupotea. Tulipata kuona mashine moja upande wa Soni. Mwenyewe alilaumu umeme, ingawa umeme ungalikuwa mdogo taa za jirani nazo zingalififia. Kisha akanunua mkanda mpya, kisha akalipa nyaya zisukwe upya. Mngurumo ukabaki vile vile, maana nyaya hazikuwa na kosa. Rota ilipotolewa, fito tatu zilikuwa zimekatika karibu na pete. Kilichozikata ni desturi tu: kijana wake alijaza mahindi kwanza, ndipo akawasha. Mota iondokapo huvuta mkondo mara tano hata saba kuliko wa kawaida, na kila kuondoka kuzito huzipasha fito joto na kuzivuta.

Fundi ajuaye kazi hupima mkondo mota ikiwa na mzigo, si tupu. Ufito wa shaba waweza kubadilishwa. Wa aluminiamu, uliomiminwa pamoja na rota, kwa kawaida hautengenezeki, na mwenye mali hana budi kununua rota nzima au mota nyingine. Yule bwana alinunua mota. Kijana wake sasa huwasha kwanza, husubiri mashine ishike mwendo, ndipo afunguapo mahindi.