Kutu na Mali ya Chama

(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya Wajumbe, katika sherehe za mwaka wa kumi)



Miaka kumi ya Chama chetu imekwisha kusifiwa na wasemaji walionitangulia, nami sina la kuongeza katika sifa hizo. Nimepewa nafasi niseme juu ya jambo moja tu, nalo ni kutu. Huenda wako watakaoona kuwa hilo si neno la sherehe. Lakini kesho Wajumbe watakaa kuamua ghala jipya la mbata na korosho lijengwe namna gani pale pwani, na fedha zitakazotumika ni makato ya mkulima katika kila kilo aliyoileta mizanini. Kwa hiyo yafaa tumjue adui kabla ya kujenga mbele yake.

Chuma hushika kutu kikikutana na maji na hewa pamoja, na chumvi huiharakisha kazi hiyo mno. Katika kila lita ya maji ya bahari mna chumvi kadiri ya gramu 35. Upepo huirusha ikatua juu ya majengo yetu, nayo huvuta unyevu hata siku isiyo na mvua. Ndiyo maana bati la pwani mara nyingi huanza kuoza upande wa chini penye upenu: juu mvua huliosha, bali chini chumvi hukaa isiondolewe na mtu.

Bati letu hupakwa zinki, na zinki hufanya kazi mbili. Kwanza hulifunika bati. Pili, bati likikwaruzwa, zinki hukubali kuliwa yenyewe ili chuma kisalimike. Lakini kinacholiwa huisha, na kadiri zinki ilivyo nene ndivyo umri wa bati ulivyo mrefu. Anayechagua bati lenye zinki haba kwa ajili ya bei amenunua miaka michache.

Jambo la pili ni kuchanganya madini. Shaba na chuma vikigusana penye maji ya chumvi, chuma huliwa upesi kuliko kikiwa peke yake. Sanamu ya Uhuru ya New York ilizinduliwa mwaka 1886. Ngozi yake ni shaba, na fito zilizoishika ngozi hiyo zilikuwa za chuma. Mafundi walijua hatari, wakatia kitu cha kuvitenga. Kitu hicho kilipochakaa, fito zililiwa, na katika matengenezo yaliyokwisha mwaka 1986 zikabadilishwa kwa chuma kisichoshika kutu. Basi tusikubali misumari ya namna yoyote katika bati la namna yoyote. Bati la zinki na lipigiliwe misumari yenye zinki.

Jambo la tatu ni zege. Nondo iliyofunikwa vyema ndani ya saruji huhifadhika, maana saruji huizuia kutu. Lakini chumvi ikiifikia nondo, kinga hiyo huvunjika. Kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, basi huisukuma zege hata ikapasuka. Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huu hutoka ndani, na kuuziba kwa nje ni kumficha mwizi chumbani. Kwa hiyo mchanga wa ufuoni usitumiwe, maji ya bahari yasikorogewe saruji, na nondo ifunikwe kwa zege iliyoshindiliwa vizuri, isiyopungua inchi mbili.

Jambo la nne halina gharama kubwa, nalo ni umbo. Kila mahali maji yanapotuama, kutu ina makao. Boriti ya chuma yenye mfereji isilazwe ikielekea juu kama hori. Miguu ya nguzo isimame juu ya zege iliyoinuka kuliko sakafu, yenye mteremko wa kuyatoa maji. Pembe kali zisagwe ziwe mviringo kabla ya kupakwa rangi, kwa sababu rangi hukaa nyembamba penye ncha. Na kila pembe iachiwe nafasi ya kuingia brashi, maana pasipofika brashi, kutu hufika.

Wazee wetu wa Lamu waliunda mitepe iliyoshonwa kwa kamba za mnazi, isiyo na msumari wa chuma hata mmoja. Sisi hatuwezi kushona ghala kwa kamba, lakini twaweza kuiga desturi yao ya kuijua bahari kabla ya kuunda chombo.

Waheshimiwa Wajumbe, kesho mtawekewa mezani michoro miwili, mmoja wa bei nafuu na mmoja wa bei ya juu. Nawasihi msiulize tu ujenzi utagharimu kiasi gani. Ulizeni pia utagharimu kiasi gani kwa kila mwaka ghala litakaposimama, pamoja na hasara ya mbata itakayoota ukungu chini ya paa linalovuja. Na mchoro wowote mtakaoukubali, tengeni fungu la kila mwaka la rangi na la kuosha upenu kwa maji baridi. Mkulima hatauona mchoro wenu. Atakaloliona ni gunia lake, kama limetoka kavu kama lilivyoingia.