Maji ya Kisima na Kipimo cha Mwanga



Maji ya kisima yaweza kung'aa kama kioo na bado yakabeba naitreti itokayo vyooni na kwenye mbolea. Kuyachemsha hakuiondoi, bali huikoleza. Anayehatarika zaidi ni mtoto mchanga akorogewaye maziwa ya unga kwa maji hayo.

Mpimaji hutia kemikali zinazoigeuza naitreti kuwa rangi ya waridi. Spektrofotometa hupitisha mwanga wa kijani, wa takriban nanomita 540. Rangi ikikolea, mwanga hufyonzwa zaidi. Ikizidi uwezo wa chombo, maji huzimuliwa mara 10, na jibu huzidishwa kwa 10.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Kisima kilicho jirani na choo kipimwe kwanza.